Kipimo cha Watu Wawili

Pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee Kongosho, basi, naye aliitika bila kinyongo. Miaka ishirini na saba, kila Jumanne asubuhi, alikwenda machinjioni na ndoo yake ya barafu kuchukua makongosho ya ng'ombe.

"Mzee, nyama nono yote hii, wewe unang'ang'ania takataka?" wachinjaji walimtania.

"Takataka hiyo ndiyo inayokusagia nyama tumboni, mjinga wewe!"

Wakacheka, wakamjazia ndoo.

Na hakuwa akipiga porojo. Ndani ya kongosho mna kimeng'enya kilichoshika chembe moja ya zinki, na kwa zinki hiyo hukata peptidi, yaani vipande vya protini, kikianzia mkiani na kung'oa kiungo kimoja kimoja. Hukata pia esta, ambazo ni kemikali za aina nyingine. Mzee alikichuja, akakisafisha, akakitoa madini yote yaliyomo, hapo kinakuwa bwege hakikati kitu, halafu akakirudishia zinki safi nacho kikazinduka. Watafiti wa ghorofa ya juu walikitumia kwa kazi zao za peptidi.

Kabla ya kuwapelekea, sheria ilimtaka akipime mara mbili. Kipimo cha esta kilikuwa chepesi: unatia, unafunga kifuniko, mashine inachora mstari, wewe unakunywa chai yako. Cha peptidi kilikuwa na usumbufu. Kila nusu dakika unachota matone, unayamwaga kwenye asidi ili peptidi zisiendelee kukatwa, na huwezi kuchota huku umekodolea saa macho. Lazima awepo mwenzako wa kuita muda na kuandika.

Mwenzake alikuwa mkewe. Alikuwa muosha vyombo wa maabara hiyohiyo, na Jumatano mchana alifuta mikono, akavuta kigoda, akashika saa. "Chota! Haya, chota! We baba, umelala?" Mama huyo alifariki. Miezi kumi na minne sasa. Chumba cha mzee kilikuwa mwisho wa korido, mlango unaofuata ulikuwa wa stoo, na siku nyingine alitoka kazini hajasema neno tangu alipoachana na wachinjaji. Nyumbani ndiyo usiseme. Binti yake alipiga simu Jumapili, wakaulizana hali, wakaishiwa maneno.

Kipimo cha pili akakiacha. Mara ya kwanza alijiambia atakifanya wiki ijayo. Mara ya pili hakujiambia chochote. Mimi simtetei, mtu wa miaka ishirini na saba kazini anajua anachokiruka.

Bahati ikambeba mwaka mzima, kisha ikambwaga. Watafiti walirudisha chupa mbili mfululizo: peptidi hazikatwi hata moja. Mkuu wa maabara akashuka mwenyewe. Huyu mama alijifunza kushika chupa mikononi mwa mzee, na mpaka leo alimwamkia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Uso huo vipi?"

"Mzee wangu, wakubwa wanataka tununue nje. Wanasema mikono yako imechoka. Nikishindwa kuwajibu mpaka Ijumaa, chumba hiki kinafungwa."

Loo! Chumba hicho ndicho mahali pekee duniani ambapo akichelewa kufika, kuna mtu angeuliza.

Alifungua daftari, akapitia namba zake za esta. Zilikuwa nzuri. Tena zilikuwa nzuri kupita kiasi: chupa zile mbili mbovu zilikata esta haraka kuliko chupa zote za miaka yake yote. Pembeni alikuwa ameandika kwa majivuno, "Safi sana!" Akazisoma mara tatu. Kimeng'enya kinakimbia kwenye esta, kwenye peptidi kimekufa? Hicho hakijashika zinki, akajisemea. Hicho kimeshika kadimi, madini ndugu ya zinki: esta huzikimbiza, peptidi haziwezi.

Aliinuka mbiombio mpaka kabatini. Kweli bwana! Idara jirani ilipohama iliacha makopo yake kwenye rafu ya mzee, na kopo la kadimi lilisimama bega kwa bega na la zinki. Chumvi nyeupe hii, chumvi nyeupe ile, maandishi madogo, miwani iko mfukoni. Kipimo cha pili kingemuumbua siku hiyohiyo.

Siku mbili hakupumzika. Alikitoa kimeng'enya ile kadimi, akakirudishia zinki, safari hii akisoma kopo kwa sauti. Ijumaa mchana akapanda ngazi kumwita mkuu. Naye akaacha mkutano, akashuka, akashika saa.

"Chota," aliita. "Chota."

Mzee alipotia dawa inayoonyesha vipande vilivyokatwa, mirija ikatoka zambarau, kila mmoja umekolea kuliko uliotangulia. Peptidi zilikuwa zikikatwa sawasawa.

"Mzee wangu, umekiokoa!" Mkuu alicheka kwa furaha, akavuta daftari apate ushahidi wa kuwapelekea wakubwa. Akafungua kurasa. Akarudi nyuma, akazidi kurudi. "Mbona safu ya peptidi iko tupu? Mara ya mwisho ulikipima lini?"

Angeweza kusema alikuwa akiandika kwenye karatasi nyingine. Mkuu angemwamini, kwa jinsi alivyotaka kumwamini.

"Tangu mama yenu afariki, sijakipima."

Mkuu alilifunga daftari.

"Chumba kitabaki," alisema. "Nitakitetea. Lakini wewe siwezi kukubakisha, mzee wangu. Miezi kumi na minne umewapa watu kitu ambacho hukukipima."

"Najua."

"Kwa nini lakini? Wewe uliyenichapa kwa rula kwa kuruka mstari mmoja!"

"Kipimo kinataka watu wawili, binti yangu. Sikuwa na mtu."

Mkuu alimtazama, macho yamemjaa machozi. "Ngazi kumi na nane tu," alisema. "Ungeniita, ningekuja. Kila Jumatano ningekuja."

Kupoteza kazi mzee alikuwa amejiandaa nako tangu alipoiona kadimi. Hili la kwamba kulikuwa na mtu wa kumwita, muda wote huo, ndilo lililomfanya aketi kwenye kigoda na kulia.