Gari Lililooshwa Kabla ya Kufika kwa Fundi

Mniwie radhi kwa mwandiko. Mkono wangu umezoea spana, na shule yangu iliishia darasa la saba. Mkikuta herufi imekaa vibaya, irukeni tu. Naandika polepole, kwa ajili ya wadogo zangu wanaotaka kuingia ufundi wa magari huku kwetu.

Siku ya kwanza kazini, Kasulu, sikupewa spana. Fundi Mkuu alinikalisha kiti cha abiria, akaendesha gari la mteja hadi nje ya mji, kisha akaniuliza, "Umesikia nini?" Nikanyamaza. Mimi ni mtu wa aibu. Akacheka. "Basi utafaa. Wenye maneno mengi hawasikii injini."

Alipohamishia gereji Kibondo, alinichukua. Huko ndiko nilikokutana na gari ninalotaka kuwaeleza.

Lilikuwa la otomatiki, lenye tabo. Tabo ni pangaboi dogo linalozungushwa na moshi wa injini, nalo huisukumia injini hewa nyingi ili ipate nguvu. Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa maharage, tukimwita Bosi. Alikuja na dereva wake, mzee mpole wa upande wa Mtendeli.

"Ukikanyaga mafuta, gari linawaza kwanza ndipo liondoke," Bosi alisema. "Huyu ameua gia boksi. Anatoa rivasi anaingiza D ya kwenda mbele gari halijasimama. Nimeshamwambia sokoni, mbele ya watu wote. Mkithibitisha, leo hii anaacha funguo."

"Sijaua kitu, bosi," mzee alijibu.

Fundi Mkuu akanipandisha garini niangalie mshale wa mizunguko ya injini. Gia boksi ikichoka, mshale hupanda haraka lakini gari hubaki nyuma. Hapa, kwenye kilima, mshale wenyewe ulipanda kwa uvivu. Injini ndiyo iliyokosa pumzi.

Tukashuku mipira inayopitisha hewa kutoka kwenye tabo. Mpira ukipata ufa, hewa huvuja njiani. Shida ni kwamba gari likisimama ufa hujifunga, huuoni. Lakini hewa ile hubeba ukungu mwembamba wa oili, na vumbi letu jekundu hunata pale inapovujia. Nikafungua boneti nitafute alama hiyo. Injini ilikuwa inang'aa.

"Mzee, umeiosha?"

"Ego, nimeiosha asubuhi hii. Mgonjwa hapelekwi kwa daktari akiwa mchafu."

Bosi akapiga makofi. "Mnaona? Amefuta ushahidi!"

Kumbe mzee wa watu, kwa heshima yake, alikuwa amemwosha shahidi wake mwenyewe.

"Tupe mpaka jioni," Fundi Mkuu alimwambia Bosi. "Na usishangae gari likirudi chafu."

"Mafundi wenzenu wanasafisha, ninyi mnachafua?"

Tukaiacha lami, tukatafuta njia za vumbi za mashambani. Mzee aliendesha, mimi nikiwa pembeni. Kila kilima alikanyaga mafuta hadi mwisho. Alisema mara moja tu: "Kwa umri huu, nikifukuzwa kwa jina la kuua gari, nani atanipa funguo zake?" Nikamwonyesha kilima kingine.

Tuliporudi, Fundi Mkuu aliingia chini na tochi. Nyuma ya klipu ya mpira mmoja palikuwa na mstari wa tope jekundu, lenye oili. Akaukunja mpira kwa vidole, ufa ukafunguka kama mdomo. Akamwita Bosi auone. Tulipofunga mpira mwingine, gari lilipanda kilima kama linafukuzwa.

Bosi akamnyooshea mzee funguo. "Haya, yameisha. Twende zetu."

Mzee hakuzipokea. "Ulinisema sokoni, bosi. Kanisafishie hukohuko."

"Unatania wewe."

"Sitanii."

Bosi alimtazama Fundi Mkuu, akakuta anafuta spana. Akakubali. Mzee akashika usukani, nasi tukapanda nyuma. Pale sokoni Bosi alishusha kioo, akawaambia wapagazi kwamba kosa lilikuwa la mpira.

Mzee akazima injini. "Shuka, bosi. Siku ile ulisema umesimama."

Bosi akashuka.

Sasa Fundi Mkuu amestaafu, nami najitegemea. Kabla sijataja kilichoharibika, huwa najiuliza ni nani atakayebebeshwa kosa hilo. Kama nanyi mmewahi kukutana na gari la kuwaza hivi, niandikieni mlivyolitambua. Nitawajibu wote, ila mnivumilie. Kalamu yangu nayo inachelewa.