Tope la Nyumbani Lililoua Bustani ya Magunia Kibiti

Saa tisa alasiri, jua la Kibiti linachoma mabati ya soko na wauzaji wamejibanza kivulini. Nyuma ya soko, katika uchochoro kati ya ghala la zamani la ushirika na choo cha umma, mwanamke mwenye kanga iliyopauka anainama mbele ya gunia la udongo. Anachota kidogo kwa ncha ya kidole, anaweka ulimini, anafumba macho. Kisha anatema pembeni.

"Chumvi," anasema Mwantum Abdalah, na kuhamia gunia la pili.

La pili nalo chumvi. La tatu vilevile. Magunia yamesimama kuufuata ukuta, yametobolewa ubavuni, na katika matundu ambako mchicha ulichomoza hadi ukuta usionekane, sasa vinaning'inia vikonyo vikavu. Juu yake yako makopo ya mafuta yaliyofungwa kwenye boriti, safu juu ya safu. Yalikuwa ya matembele. Siku hizi mijusi wanaota jua humo.

Aliyewahi kuiona bustani hii ikiwa hai hawezi kusimama hapa moyo usimuume.

Mwantum alizaliwa kwenye delta ya Rufiji, upande wa Nyamisati, akaletwa Kibiti na ndoa. Kwa miaka mingi alikuwa mfagiaji wa ghala hilo. Biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa watu binafsi na ushirika ukayumba, ghala lilitiwa kufuli, naye akapunguzwa kazini. Aliondoka na fagio lake, na ruhusa ya mdomo ya kuutumia uchochoro.

"Nimezoea kufagia, ningekaa vipi bure?" anasema, akicheka kidogo. "Nikafagia maganda ya sokoni. Nikachimba shimo, nikayaozesha. Watu wakasema Bi Mwantum kazi imemtoka, na akili nayo imeifuata."

Maganda yakaoza, yakawa mboji nyeusi, laini. Kwa kuwa uchochoro ni mwembamba na mahali pa tuta hapakuwepo, bustani ikapanda juu ukutani. Kanuni ilikuwa moja tu: aletaye maganda anachuma. Jioni kila mama wa mtaa alipita na bakuli lake, maganda ya muhogo, ya ndizi, majivu ya jikoni, akamwaga shimoni na kuondoka na mboga. Hakuna aliyepima nani kaleta kingi. Nyumba ambazo baba alikuwa amerudishwa kutoka kazini mikono mitupu zilikula hapa bila kuombaomba.

Devotha, ambaye wote humwita Mama Elina, ni mhudumu wa zahanati aliyetokea Mahenge. Analea watoto peke yake.

"Mshahara ukichelewa, tuliishi kwa ukuta huu," anasema. "Mimi huku sina shamba wala shangazi. Shamba langu lilikuwa bakuli la maganda."

Shida ilianza pale malori ya Dar es Salaam yalipoanza kununulia ndizi na mihogo barabarani, kuanzia Nyamwage huko, kabla haijafika sokoni. Maganda yakapungua, na kina mama wenye njaa wakaongezeka. Shimo likawa halitoshi. Mwaka jana, 1993, Mwantum alimwomba Bashiru, dereva wa lori la boriti, amletee kutoka Nyamisati makumbi ya nazi yaliyooza pamoja na tope la mikoko.

Kwa mtu wa delta, hilo halikuwa wazo la ajabu. Kwao watu hufyeka mikoko, wakapanda mpunga katika tope hilohilo, na mpunga ukastawi.

"Lori lilipofunguliwa nyuma, nikasikia ile harufu," anasimulia Mwantum. "Nilihisi nimefika kwetu. Nililishika tope kwa mikono miwili, machozi yakanitoka."

Mama Elina alikuwepo. Alimuuliza kwa adabu kama tope hilo, kwa kuwa linatoka karibu na bahari, halina chumvi.

"Nikamjibu mbele za watu," anasema Mwantum, na hapa sauti yake inashuka. "Nikamwambia, nyie wa bara tope mnalijua kwa kulikanyaga tu, tuachieni wenyewe. Wote wakacheka. Naye akacheka, maskini, akakunja mikono ya gauni akanisaidia kujaza."

Alilichanganya na mboji yote iliyokuwa shimoni na kuigawa katika kila gunia na kila kopo, ili asipunjwe mtu. Kwa hiyo hakuna lililosalimika. Majani yaliungua kingo, yakajikunja, yakakauka. Walipanda tena, mbegu hazikuota.

Alichosahau ni mto. Deltani, kabla ya kupanda, Rufiji hufurika na kulisuuza tope kwa maji matamu.

"Mama yangu alikuwa akionja kwanza. Likiwa na chumvi, anasema tusubiri mto upite. Mimi nimekua naona hayo. Lakini siku ile sikuonja," anasema. "Nililipenda mno, sikuona haja."

Hakuna aliyemtukana. Kina mama wameacha tu kuja. Jioni wanapita na mabakuli yao kuelekea jalalani kando ya barabara, na shimo limekauka.

"Afadhali wangenitukana," anasema.

Amejaribu kuyasuuza magunia kwa maji ya kisima anayojitwisha mwenyewe, lakini ndoo zake hazifui dafu. Vuli nayo haikunyesha. Lililobaki ni masika. Ameokota mianzi, ameipasua, anataka kuifunga chini ya paa la ghala ili maji ya mvua yaangukie magunia yote.

"Mto hauji Kibiti," anasema. "Itabidi niutengeneze."

Mama Elina anapita, bakuli lake limefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, Bi Mwantum."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Anasimama kidogo, analitazama shimo, kisha anaendelea na njia ya jalalani. Mwantum anamsindikiza kwa macho hadi anapopotea nyuma ya vibanda.

"Nikipata gunia moja tu lililosafika, moja," anasema, "sitalipanda kwanza. Nitamwita Mama Elina aonje yeye. Akisema bado, basi bado. Akisema limekuwa tamu, ndipo nitaweka mbegu, na mchicha wa kwanza nitampelekea mlangoni. Maganda simdai."

Anatazama juu. Mbingu ni nyeupe, haina hata kiwingu. Limebaki gunia la mwisho, lile la karibu na choo. Anachota kwa ncha ya kidole, anaweka ulimini na kufumba macho, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

Kisha anatema.