Foleni Isiyoonekana

Waingereza wana mambo yao. Kwingine kote watapanga foleni hata ya kununua stempu, lakini wakiingia baa yao hujazana kaunta kama kuku waliomwagiwa mtama, na bado kila mmoja ana zamu yake. Hakuna kumwita mhudumu, sembuse kumpigia mluzi. Mteja husimama kimya akangoja, na mhudumu ndiye anayebeba kichwani nani alitangulia kufika. Mwenye kuita hungojeshwa makusudi.

Charo aliibeba foleni hiyo miaka ishirini na miwili, katika baa ya Mwingereza mmoja huko Shanzu. Bia hakuwahi kuionja, maana kwao Utange alikuwa mzee wa kanisa, na ukimuuliza inakuwaje, alikujibu kwamba yeye humimina tu, hanywi. Alipostaafu alimwachia kazi bintiye, Winfred. Alimfundisha mwenyewe nani hununulia raundi meza nzima na nani hataki povu, na juu ya yote akamwambia, "Usimpite mtu zamu yake, mwanangu. Hata awe adui yako."

Mwaka uliofuata Winfred akashika mimba, na mume wa kuonyesha hakuwepo. Charo akaijali aibu kuliko damu yake, akamfukuza nyumbani. Mtoto alipofika miezi minne alishikwa na homa, na jioni moja Winfred akaja naye mgongoni, kumwomba babake awapeleke hospitali kwa pikipiki yake. Ndani mlikuwa na wageni wa kanisa. Charo akatokeza mlangoni, akamwambia, "Ngoja kwanza wageni watoke." Wageni walikula, wakaomba, wakaongezwa chai. Walipotoka, nje hapakuwa na mtu. Asubuhi habari ikafika kwamba mtoto amefariki. Charo hakwenda mazikoni, kwa kuwa hakujua angeuweka wapi uso wake.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga wa macho ya watu, na uoga huo nao huua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Charo mjukuu alikwenda, yakabaki majuto.

Mwaka na nusu ukapita, baba na binti hawasemezani. Kahaso, mke wa Charo, alikonda akabaki mifupa. Jumapili moja, walipotoka kanisani, akamwambia, "Baba Winfred, nimechoka kulia peke yangu. Nenda ukanitafutie mwanangu."

Charo akaenda. Alifika baa saa ya chakula cha mchana, Waingereza wakila nyama ya kuoka na kunywa taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasimama upande wa wateja. Winfred alimwona. Macho yake yalimgusa, yakaendelea kwa mwingine. Mbele ya Charo walikuwa watu sita, mmoja akinunua raundi ya watu wanane. Mteja mmoja wa zamani alimtambua, akataka kumpisha. Charo alikataa.

Zamu yake ilifika sawasawa. Hakuongezewa mtu wala kupunguziwa.

"Karibu, mzee," alisema Winfred. "Utatumia nini?"

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea wewe na yule mtoto. Mamako anakungoja nyumbani."

Winfred alifuta kaunta palipokuwa pamekauka. Machozi yalimshuka, asiyajali.

"Nilingoja, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nilingoja mpaka akanyamaza mgongoni. Nikafurahi, nikidhani amepata usingizi."

Charo alinyoosha mkono juu ya kaunta.

"Tafadhali sogea," Winfred akasema. "Nyuma yako kuna watu."

Akasogea. Alitembea kwa miguu mpaka Utange, jua la alasiri likimpiga utosini, na moyo wake ukiwa umevunjika vipande asivyojua wa kumwokotea. Kahaso alikuwa barazani amevaa leso mpya. Hakumtazama mumewe, alitazama njia aliyotokea.

"Yuko wapi?"

"Nimemkosa," alisema mzee wa kanisa. "Leo ni siku yake ya mapumziko."

Kahaso alishusha pumzi, akatabasamu kidogo.

"Afadhali. Nilidhani amekataa," alisema. "Basi kesho nitakwenda mwenyewe."