Nukta ya Jicho la Kushoto

Sina sababu ya kukudanganya. Shule nimeishia darasa la nne, lakini sura za watu nilizochora zimetundikwa sebuleni kuanzia Kanazi mpaka Biharamulo, na nyumba ninayolala nimeijenga kwa brashi. Mtu wa namna hiyo atunge uongo ili apate nini? Hili lilinikuta mimi mwenyewe, Rulenge, saa tisa alasiri, macho makavu, sijaonja hata pombe ya ndizi.

Uchoraji nilifundishwa na Mzee Leopoldi. Hapakuwa na darasa wala kitabu. Unakaa mbele ya picha yake, unapiga miraba ya penseli kwenye ubao wako, halafu unahamisha sura kipande kwa kipande. Alikuwa akisema mkono wangu mwepesi, kichwa ndicho kizito. Sheria yake ilikuwa moja: "Nakili nilichochora. Hata nikikosea, kosea kama mimi."

Siku hiyo alikwenda Biharamulo kutafuta rangi, akaniachia picha ya mkulima mmoja wa ndizi wa Kirushya, marehemu. Mjane wake alikuwa ameleta picha ndogo ya kitambulisho ili achorewe kubwa. Nikanakili mpaka nikafika machoni. Niamini, nilicheka peke yangu. Mzee alikuwa amesahau ile nukta nyeupe ya ndani ya mboni, ile inayofanya jicho lionekane linaona. Nikajisemea, leo mwanafunzi kampita mwalimu. Nikachovya brashi kwenye nyeupe, nikaweka nukta jicho la kushoto la nakala yangu.

Kabla sijagusa la kulia, mvua ikaanza kupiga bati, na mtu akaingia.

Nikampa shikamoo bila kumtazama vizuri. Nikainua uso. Alikuwa yeye, yule marehemu wa pichani. Kola ile ile iliyochakaa, kovu lile lile la kidevuni nililolichora asubuhi. Nguo kavu kabisa, na nje maji yanamwagika. Hayo si kitu. Jicho lake la kushoto liling'aa, likinitazama. La kulia lilikuwa limezimika kama rangi iliyokauka.

Akasogea kwenye ubao, akaweka kidole chini ya lile jicho la kulia.

"Fundi, malizia na hili," akasema taratibu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. "Njia ya nyumbani naiona nusu."

Wewe ungefanyaje? Nikamfikiria yule mjane na watoto wake, huyu anaingia mlangoni kwao. Nikachovya nyeusi, nikaifuta nukta. Lakini rangi ilikuwa bado mbichi. Nyeupe ikachanganyika na nyeusi, ikawa kijivu. Na jicho lake, naliona, likawa kijivu vile vile. Halikuzimika. Akanyoosha mikono mbele, akatoka akipapasa ukuta.

Mzee Leopoldi aliporudi aliutazama ubao wangu, akakaa chini. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Aliyekufa simwekei nukta," akasema. "Aone nini tena huku?"

Tulisubiri ubao ukauke, tukapaka nyeusi mara tatu. Kila kulipokucha kijivu kilikuwa kimejitokeza juu.

Mjane alipokuja kuchukua picha yake alitueleza kwamba siku hizi mvua ikinyesha mchana kuna mtu anapapasa kuta za nyumba yake, anazunguka, mlango haupati. Hatukumwambia kitu. Haikupita muda akahamia kwa kaka yake, nyumba ikabaki tupu. Tangu hapo yule marehemu anakuja kwangu. Mke wangu naye amemsikia: viganja vinapita ukutani, vinafika dirishani, vinasimama.

Basi wewe unayejifunza kwa mtu, nakili unachokiona, hata kama unajua kuliko yeye, na mimi najua kuliko wengi. Na siku ya mvua ukisikia mtu anapapasa ukuta wako, usimwitikie. Anatafuta fundi.