Mpaka Maziwa Yakauke

Siku niliyoondoka Temeke kwenda kusomea unesi, mama alinipa sharti moja tu: nisikanyage tena nyumbani mpaka maziwa yakauke.

Binti yangu wakati huo alikuwa anasimama dede. Anashika ukuta, anajiachia, anacheka, halafu anakaa chini kwa kishindo na kugeuka kunitazama kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Baba yake alikwisha kunipa talaka yangu na kurudi kwao Lindi, nami nikarudi kwa mama na kibarua changu cha uyaya wa wodini, yaani kufagia, kumwaga vyombo vya wagonjwa na kuitwa “wewe”. Nikitoka kazini sikuwa na shughuli nyingine ila kumwangalia mtoto akianguka.

Hospitali ilikuwa inajenga wodi mpya na manesi wa kuzijaza hawakuwepo. Wakubwa wakaamua kututwaa sisi mayaya tuliojua kusoma na kuandika, watufundishe kwa mwaka mmoja mambo ambayo wengine hufundishwa kwa mitatu. Mama aliposikia akasema haraka haraka haina baraka. Nikamwuliza, na hiyo polepole ya kwetu ndiyo imetufikisha wapi? Alicheka, kisha akaniambia nisimjibu hivyo tena.

Metroni alikuwa Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha kuamrisha, Kiswahili ambamo neno “tafadhali” halikupata kupita. Aliniuliza kama mtoto ameachishwa ziwa. Nikasema ataachishwa. Akasema bwenini hakai mtoto, wala mama anayenyonyesha, na atakayeonekana na maziwa kwenye sare atarudi kwao siku hiyohiyo.

Basi tukaanza. Mama alinipaka shubiri kwenye chuchu. Mtoto akaonja, akakunja uso, akanitazama kwa hasira, halafu akarudi akanyonya pamoja na shubiri yake. Tulijaribu tena na tena, naye akawa kama ameizoea. Nilimcheka, na moyoni nilijivuna. Mama hakucheka. Kwetu mtoto akiishinda shubiri, dawa yake ni mama kupotea. Anaondoka, haonekani, mpaka mtoto asahau ziwa. Na jambo la pili, wazee walishika kwamba maziwa yaliyokaa kifuani bila kunyonywa huchacha, yakamharisha mtoto, na mtoto wa miaka ile akianza kuharisha watu walikuwa hawalali.

“Njoo yakikauka,” mama akaniambia. “Kabla ya hapo hata uani usitie mguu. Akikuona tu, tumeanza upya.”

Akamchukua mtoto barazani kumwonyesha kuku. Mimi nikatoka mlango wa nyuma na furushi langu la nguo kichwani, nikimsikia akiwaita kuku kwa lugha yake mwenyewe.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilidhani kwa kuwa nimefanya kazi wodini naijua kazi ya wodi. Kabla jua halijachomoza tulikuwa tumekwisha kutandika vitanda, kuwaogesha wagonjwa na kupima homa. Mchana, watu wenye akili zao wakiwa wamejinyoosha, sisi tulikuwa darasani tunakariri mifupa kwa Kiingereza. Kila Jumamosi kulikuwa na mtihani. Ukianguka mara mbili, wenzako wakirudi bwenini wanakuta godoro lako limekunjwa. Tulikuwa tukisinzia tumesimama. Mwenzangu wa chumba kimoja, binti wa katekista kutoka Bukoba, alikuwa akiitaja mifupa kwa sauti ya kuimbia kanisani, na mimi nikimwitikia huku nafua soksi. Mpaka leo siwezi kuutaja mfupa wa paja bila kutaka kusema amina.

Hayo yote niliyaweza. Nilikuwa na kichwa chepesi, na kiburi cha mtu aliyekwisha kuitwa “wewe” vya kutosha. Lililonishinda lilikuwa kifua changu.

Mama alinifundisha kukifunga kwa kanga, nikaze kila siku, nisiyaguse maziwa, yatakauka yenyewe. Lakini wodini mtoto wa mtu akilia, maziwa yanashuka, hayaulizi huyu ni wa nani. Siku moja nilipita tu karibu na wodi ya watoto nimebeba mashuka, nikayasikia yakichuruzika chini ya kanga. Nikakumbatia mashuka nikakimbilia bafuni. Nilipoifungua ile kanga kifua kilikuwa kigumu na kinawaka moto, nikakikamua kwenye sakafu ya saruji ili nipate nafuu. Na nilipokuwa nakamua likanijia wazo: mwaka si mwingi. Nikiyatunza maziwa haya, nitamaliza kusoma nirudi, nimkute bado ni mtoto wangu, nimpe kilicho chake.

Tangu siku hiyo nikawa nayakamua kila alfajiri, kidogo tu, kifua kisije kikasahau. Mwenzangu aligundua. Akaniambia kwa upole kwamba nikiendelea hivyo hayatakauka, na yasipokauka sitakwenda kwetu.

“Najua,” nikamwambia.

Nilijua kweli. Jumapili wenzangu walichukua ruhusa zao wakaenda kwa jamaa zao, Kariakoo, Ilala, Keko, wakarudi wananuka samaki wa kukaanga. Mimi nilibaki bwenini na mifupa. Temeke ningeweza kufika kwa miguu yangu. Nilikuwa nikikaa kitandani nikimtengeneza binti yangu kichwani: sasa ameamka, sasa mama anamwogesha kwenye beseni, sasa analia maji yameingia machoni. Nilimtamani mpaka meno yakaniuma. Watu husema hamu iko moyoni. Yangu ilikuwa kwenye mikono, kwenye nyonga ya kushoto nilipozoea kumpakata, na ilinifanya nitembee upande kama mtu aliyepungukiwa mzigo.

Jirani yetu wa Temeke, mwanamke aliyekuwa akipeleka mihogo sokoni, alinipitia getini siku moja. Akanipa salamu za mama, akanipa na habari: mtoto katembea. Katoka mlangoni mpaka kwenye kinu bila kushika kitu. Nikamwuliza alikuwa anamfuata nani. Akaniona mtu wa ajabu.

“Si bibi yake, nani mwingine?” akasema.

Nilimshukuru, nikarudi ndani. Wiki ile nilianguka mtihani wa mishipa ya damu, nikawa nimebakiza mara moja tu kabla ya godoro kukunjwa.

Kisha tukapelekwa wodi ya uzazi na watoto wachanga. Metroni mwenyewe alitufundisha somo la kunyonyesha. Alisema mtoto hunyonya kwa saa, kila baada ya saa nne, na katikati hata akilia aachwe alie, ndivyo anavyojengwa tabia njema. Niliandika hivyohivyo, nikapewa alama zote, na katika miaka yote niliyozalisha wanawake wa Temeke sikumwambia hata mmoja maneno hayo.

Katika wodi ile alikuwepo mzazi mmoja kijana aliyeshikwa na homa ya uzazi. Alikuwa hajitambui, anaongea na watu wasiokuwepo, na maziwa hayakumjia. Mtoto wake wa kiume tulimpa chupa, akaikataa. Tulijaribu kijiko, yakatoka pembeni mwa mdomo. Kando ya kitanda alikaa bibi wa yule mtoto, mama wa mgonjwa, mtu wa Kinondoni, ambako siku zile kulikuwa na mihogo na minazi zaidi ya nyumba. Hakusumbua mtu. Alikuwa akimwangalia mwanawe, halafu mjukuu, halafu mwanawe tena.

Kilio cha mtoto yule kilikuwa kimeanza kuwa chembamba. Niliposimama kumbadilisha nepi, maziwa yangu yalipita kanga, yakapita gauni, yakafika kwenye aproni. Nikageuka haraka, lakini yule bibi alikuwa ameshaona.

“Mwanangu,” akaniambia kwa sauti ya chini, “kumbe mwenzetu una ziwa.”

Nikamwambia ninalo, na mwenyewe yuko Temeke. Sote wawili tulijua uzito wa alichotaka kukisema. Katika dini yetu, ziwa haliazimwi kama chumvi. Mtoto ukimnyonyesha akashiba, na akarudia kushiba, anakuwa mwanao, na ndugu wa mwanao, wala hawataoana maisha yao yote. Kumnyonyesha mtoto bila watu wake kujua ni kuwategea mtego wasiouona.

“Watakuwa ndugu,” akasema. “Mama yake akizinduka nitamwambia, na wenyewe wakikua nitawaambia. Na mie nikifa, nitakuwa nimeshamwachia mtu usia. Temeke na Kinondoni si mbali. Mpe, mama, atakufa huyu.”

Nikavuta pazia. Mtoto alilidaka ziwa kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo. Nikafumba macho, na kwa muda ule alikuwa binti yangu, na uzito wake nikaupakata kwenye nyonga ileile. Nikafumbua, hakuwa yeye. Nililia bila sauti, yule bibi akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake na hakuniambia nyamaza.

Nilifanya hivyo zamu hadi zamu. Mtoto akanenepa mashavu. Na mimi, sitaficha, nilikuwa na furaha ya wizi, kwa kuwa maziwa yaliongezeka, na nilijiambia yote hayo nayawekea binti yangu.

Siku metroni alipofunua pazia, homa ya mama yake mtoto ilikuwa imeanza kushuka na ziwa limeanza kumjia. Metroni alisimama pale akingoja mpaka mtoto aliposhiba na kuniachia mwenyewe, ndipo akaniashiria nimfuate ofisini.

Nilitegemea godoro langu limekwisha kukunjwa. Badala yake alitoa kichupa cha vidonge akakiweka mezani. Akaniambia vinakausha maziwa. Akasema mimi ni mmoja wa wanafunzi wake bora, wodi zinafunguliwa karibuni, hana muda wa kumtafuta mwingine. Sheria ni sheria, na yeye kwa mtoto yule atanyamaza, lakini mara moja tu.

“Chagua,” akasema. “Vidonge, au kwenu.”

Nilisimama mbele ya meza ile nikiwa na binti yangu upande mmoja na ufagio upande mwingine, kwa sababu nikirudi kwetu nilikuwa nawarudia wote wawili. Nikamfikiria mama aliyekuwa akikaanga maandazi kwa kupapasa, ukungu ukimzidi machoni, na kwamba nyumba ile baada yake ilikuwa na mimi peke yangu. Nikamwuliza metroni kama yakishakauka yanaweza kurudi. Akasema nikizaa mwingine. Nikasema simwulizii mwingine. Akaitazama saa yake iliyoning'inia kifuani, akanimiminia maji kwenye bilauri kwa mkono wake mwenyewe.

Nikameza.

Kila asubuhi nilikwenda ofisini kwake kumeza mbele yake na kufungua kinywa aone. Yule bibi wa Kinondoni aliondoka na watu wake wakiwa hai wote wawili, akaniaga kwa kunibusu mikono, na mimi nikashindwa kumwambia kwa nini siwezi kumtazama mjukuu wake. Alfajiri moja nilikwenda bafuni nikakamua, likatoka tone. Kesho yake nikakamua, halikutoka kitu. Nikabonyeza tena, kwa nguvu, mpaka nikajiumiza. Nikakaa palepale kwenye saruji, mwenzangu akagonga mlango akiniambia tumechelewa.

Jumapili ile na mimi nikaomba ruhusa. Nilipita Chang'ombe kwa miguu, karibu nikimbie, nimevaa gauni langu la vifungo vya mbele na mkate wa kununua chini ya kwapa. Mama alikuwa uani anamenya muhogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, na kabla ya kuniuliza habari za masomo akaniuliza kama yamekauka. Nikamwambia yamekauka.

Binti yangu alikuwa akivuka ua na kikombe cha bati mkononi, anatembea kama mtu aliyetembea siku zote. Mama akamwita, akanipakatisha. Alikaa magotini pangu kwa adabu, kama watoto wanavyokaa kwa wageni, akanitazama kidevu, akanitazama shingo. Sikumwita. Niliogopa hata kumshika sana. Halafu akainamia kifua changu akanusa, mkono wake ukaanza kutafuta katikati ya vifungo. Alikuwa hajasahau. Shubiri, kuku, kupotea kwangu kote, na alikuwa hajasahau.

Mama akanyanyuka kumzuia. Nikamwambia amwache.

Alinyonya mara moja, akavuta tena kwa nguvu zaidi, mashavu yakambonyea. Akaniachia. Akajaribu upande wa pili. Kisha akainua uso akanitazama, mara hii machoni.

“Hamna,” akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kulisikia kinywani mwake. Alilisema bila kulia wala kununa, akateleza kutoka magotini pangu akaenda kumshika mama kanga. Mama alikuwa amekwisha kugeukia jikoni ili asinitazame. Akamwuliza anataka nini, naye akamwita bibi yake “mama”, akasema anataka uji.