Beseni Lisilotiwa Maji

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba nilimpoteza mke wangu. Alianguka asubuhi akikunja mashuka, na kabla ya saa sita alikuwa ameisha. Alikuwa na afya kuliko mimi. Mpaka leo sielewi.

Aliacha mabeseni matatu ya lengalenga, ule mchicha wetu, katika chumba cha watoto wetu wa kiume, ambao wamekwenda mbali kutafuta kazi. Zamani alilima karibu na ziwa, lakini maji yalipanda yakafunika matuta yote. Ndipo akahamia chumbani, na taa za zambarau za kukuzia mimea alizopewa kwenye mafunzo ya kilimo. Umeme wa mtambo wa Bendera ukiwepo, dirisha liling'aa hata majirani wakauliza kama tumefungua kanisa.

Kwenye mafunzo hayo alijifunza jambo ambalo moyo wangu ulilikataa. Siku za mwisho kabla ya kuvuna, aliikatia mboga maji na kuishushia taa karibu.

"Tunaitesa kidogo," aliniambia. "Ikiona taabu inajilinda, na kile inachojilinda nacho njo kinafaa mwili."

Majani yaligeuka mekundu, mazito. Nilimwuliza anajuaje kiasi cha kuitesa. Alinyanyua beseni, akalishika kidogo kama mtu anayepima uzito wa mtoto mchanga, akalirudisha. "Bado," alisema. Siku nyingine alinyanyua akasema, "Leo," akachukua kisu.

Lengalenga hiyo ilikuwa ya binti yetu. Ana mimba kubwa, na kliniki walimwambia damu yake ni kidogo, ameze vidonge na ale majani sana. Mama yake alikuwa amemwahidi: hii yote ni yako.

Kwetu mfiwa hafanyi kazi. Nilikaa kwenye mkeka, wanawake wa mtaa wakapika, wakafagia, wakateka maji. Mmoja wao, jirani yetu wa mlango wa pili, akaingia chumba kile. Nikamsikia akipaza sauti.

"Papa! Hata mboga zako ziko kwenye matanga! Zimeinamisha vichwa!"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikashangaa kujisikia nikicheka.

"Mama, usizitie maji," nikamwambia. "Njo vile mwenyewe alikuwa anafanya."

"Kuzinyima maji? Hata mufungwa anapewa maji, Papa!"

Alikuwa amekwisha kutia mabeseni mawili. La tatu nikamwomba aliache. Akaliacha, lakini alinitazama kana kwamba naanza kupotewa na akili, na sikuwa na hakika kwamba amekosea.

Watu walipotawanyika niliingia mwenyewe. Mabeseni mawili yalisimama kijani, mazuri kabisa. La tatu limelegea. Nikalinyanyua kama yeye. Halikuniambia kitu. Lilikuwa jepesi, lakini jepesi kiasi gani? Sikujua alianza kulikatia maji lini. Nikilitia maji sasa, labda naharibu alichokuwa anakitengeneza. Nikingoja, mboga inakufa. Kesho yake nikalinyanyua tena asubuhi, nikarudi mchana, na kila mara mikono yangu ilikuwa ile ile, haijui. Nilisimama pale nisijue kama namtii mke wangu au naua chakula cha mwanangu.

Binti yangu, aliyekuwa amelala ndani kwa uchovu, akanikuta nimelikumbatia beseni.

"Papa, unapima nini?"

"Sijui. Mama yako alikuwa anajua."

Akagusa jani moja, akaliachia. "Na mimi sijui. Kata tu, Papa. Njaa inaniuma."

Nikakata. Akaipika mwenyewe na mawese, akala na bugali, mimi nikimtazama kila tonge.

"Ni chungu kidogo," akasema.

"Ile ya Mama yako ilikuwa chungu?"

Akatafuna polepole, akifikiri. "Sikumbuki, Papa."

Hilo lilinichoma, kwa sababu na mimi nilitafuta ladha ile kinywani mwangu nikaikosa, na nilikuwa nimeila mara nyingi. Kama ilimwongezea damu sijui. Alimaliza sahani, akapangusa mafuta kwa tonge la mwisho.

Nikarudi chumbani na jagi la maji. Nikavimwagilia vile vishina vilivyobaki, taratibu, mpaka udongo ukaacha kunywa. Kisha nikalinyanyua beseni, zito sasa, nikaliweka chini.