Mstari Usiofika Chini

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa bwana mifugo, na kazi yangu ilikuwa kuamua dume yupi apande na yupi ahasiwe. Kituo chetu kilikuwa nje kidogo ya Mpwapwa. Nilizunguka vijiji mpaka Mlali na koleo la kuhasia, nikiwaeleza wafugaji kwamba dume mwenye pembe zilizopinda au mgongo uliobonyea atawaharibia zizi zima. Walinisikiliza kwa adabu na kunipa maziwa, kumbe dume niliyemkusudia wameshampeleka kwa jirani mpaka gari letu liondoke. Niliwaona wajinga. Nalisema hili mapema ili msomaji asinionee huruma kabla ya wakati wake.

Halafu serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Orodha ikaja kituoni, na jina langu limo. Barua ilieleza kwamba wanaobaki ni wenye stashahada. Mimi nilikuwa na cheti. Ng'ombe wa kituo kile walikuwa wanajulikana mkoa mzima na kila uzao niliusimamia mimi, lakini hilo halikuwa na nafasi yake kwenye fomu. Nilimsomea mke wangu barua ile jikoni. Nilipomaliza alisubiri, akidhani kuna ukurasa wa pili.

"Hiyo tu?" akauliza.

Nikamwambia hiyo tu.

Tukahamia Dodoma mjini. Yeye akapata kufundisha shule ya msingi, mimi nikapata kukaa. Wenzake walipokuja nyumbani na kumuuliza mzee anafanya kazi wapi, alijibu, "Yupo," akabadilisha mazungumzo. Nilikuwa namsikia kutoka chumbani. Iliniuma kuliko barua.

Aliyekuja kunitoa kwenye hali hiyo alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la redio na pasi, ambaye soko lilipofunguliwa alijaribu kila kitu kilichowahi kuuzwa: mitumba, madishi ya televisheni, mahindi ya Kibaigwa. Shemeji yake wa Dar es Salaam alikuwa akipeleka Ulaya samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe ambao Wazungu wanawaita samaki mchekeshaji. Walikuwa wamesikia kwamba samaki hao wanaweza kuzalishwa ndani ya nyumba. Kwa nini nyumba hiyo iwe Dodoma, ambako bahari ni safari ya siku nzima kwa lori? Kwa sababu Dodoma ndiko alikokuwa mtaalamu wa uzazi asiye na kazi.

"Daktari," akaniambia, maana mjini kila bwana mifugo ni daktari, "ng'ombe na samaki, si yote ni uzazi?"

Nikakubali kwamba yote ni uzazi. Tukapatana hivi: nikimpatia watoto wa kuuza, atajenga chumba nyuma ya ghala lake na kuniajiri humo, ajira yenye barua. Sikutaka kitu kingine duniani. Nilitaka mtu akiuliza mzee anafanya kazi wapi, mke wangu aseme wapi.

Tangi la kioo likachukua mahali pa kabati la vyombo. Maji ya bahari yalikuja kwa lori kwenye madumu ya mafuta ya kula, na kwa kuwa sikuwa na kifaa cha kupimia chumvi, nilitumia kipimo nilichokuwa nacho, kile cha kutambua maziwa yaliyotiwa maji. Bahari ya Hindi, kwa kipimo changu, ni maziwa ya muuzaji mwizi. Umeme ulipokatika, na ulikatika mno, pampu ya hewa iliendeshwa na betri ya gari.

Waliletwa samaki wanne. Nikafanya nilivyofundishwa: nikachagua wawili wakubwa kuliko wote, wenye afya, nikawaweka pamoja. Mkubwa kwa mkubwa, ndivyo unavyopata ndama wa maana. Baada ya siku mbili mmoja alikuwa amekufa, mapezi yamechanwa vipande vipande. Shemeji akacheka sana kwenye simu. Akanieleza kwamba samaki hawa wote huzaliwa madume, na anayetawala ndiye hugeuka jike. Mimi nilikuwa nimefungia majike wawili, kila mmoja mwenye nyumba. Inatakiwa mkubwa mmoja na mdogo mmoja, na mdogo akubali.

Akakubali. Nilimtia mmoja wa wale wadogo waliobaki, jike akamjia kwa kasi, naye akalala ubavu na kutetemeka mwili mzima mpaka jike akaridhika. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na daftari za kusahihisha.

"Huyo ana adabu," akasema.

Walitaga kwenye kigae cha chungu. Dume ndiye aliyelea mayai, akiyapepea kutwa kwa mapezi, huku jike akizunguka tangi. Watoto wa kwanza walikufa wote, wa pili pia. Wa tatu niliwalisha vidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyotumwa na shemeji ndani ya chupa za maji ya kijani, na wakabaki hai thelathini na mmoja. Walipofikisha miezi mitatu mistari yao ilikuwa imekamilika. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Mpwapwa.

Ndipo nikafanya kazi yangu. Nilichukua kiwavu, nikamtazama mmoja mmoja. Mstari uliopinda, nje. Mstari uliokatika, nje. Nikawatia kumi na tisa kwenye ndoo ya maji ya bomba. Maji ya Dodoma yana chumvi ya kutosha kuharibu chai, lakini haitoshi kumweka hai samaki wa baharini. Nikawafukia chini ya mpapai na kumtumia tajiri salamu kwamba mzigo uko tayari, safi, hauna kasoro.

Alikuja Jumamosi pamoja na shemeji yake. Shemeji aliinama kwenye kioo muda mrefu.

"Waliokosewa wako wapi?"

"Waliokosewa?"

"Wenye mistari iliyokatika. Hao ndio wanaogombewa Ulaya. Hawa walionyooka wamejaa baharini, wavuvi wananiletea kwa ndoo."

Nikaeleza kwamba nimewaondoa. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikieleza kule Mlali, na nilikuwa nimefika kanuni ya tatu ya uchaguzi nilipoziona nyuso zao. Tajiri hakukasirika.

"Basi, Daktari," akasema kwa upole. "Kosa letu. Tungetafuta mtu asiyesoma sana."

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimesoma kupita kiasi.

Shemeji akaona kitu nyuma ya kigae. Akamtoa samaki mmoja: upande wa kulia amenyooka, upande wa kushoto mstari wa katikati umeshuka hadi nusu ya tumbo ukaishia hapo. Mimi nilikuwa nimetazama upande mmoja. Akamfunga kwenye mfuko wa nailoni wenye maji, akamwinua kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu. Wakamchukua yeye na wazazi wake, wakaniachia wale kumi na mmoja walionyooka kama zawadi. Habari ya chumba nyuma ya ghala haikutajwa tena.

Mke wangu aliingia na sinia ya chai ya watu wanne, akakuta nimebaki peke yangu. Akaketi, akamimina vikombe viwili.

"Wale uliowafukia," akauliza, "walikuwa na kasoro gani hasa?"

"Mstari wa katikati haukufika chini."

Akasubiri, kama alivyosubiri siku ile jikoni.

"Hiyo tu?"

Nikamwambia hiyo tu.